Picha za ukumbini zimetoka na giza, hazina uhai

Ndugu, unasema picha za harusi ulizopiga ukumbini zina giza, na ukiongeza mwangaza kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha) zinakuwa kama zimemwagiwa maziwa. Ni kweli, maana ukiongeza mwangaza hivyo, hata nyeusi inapanda na kugeuka kijivu. Achana na njia hiyo.

Fungua Colors, kisha Levels. Utaona grafu yenye umbo la kilima: kushoto kabisa ni weusi, 0, kulia ni weupe, 255. Kwako naamini kilima kimejazana kushoto na kulia patupu. Chini ya grafu kuna vipembe vitatu vya kuvuta: cheusi, cha katikati na cheupe. Vuta kipembe cheupe cha kulia hadi kilima kinapoishia, halafu cha katikati kipeleke kushoto taratibu mpaka nyuso zionekane vizuri. Cheusi kiguse tu kama kushoto kuna pengo. Jicho lako liwe kwenye shela la bibi harusi: likipoteza mikunjo umezidisha, rudi nyuma.

Suti nyeusi zitatoa chengachenga, yaani vidoti vidogo vidogo. Usihangaike nazo, picha ikichapwa ndogo hazionekani sana.

JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, ina ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi, kwa hiyo kama kamera yako inahifadhi RAW (faili ghafi la kamera, lenye ngazi nyingi zaidi), anzia huko. Na ufanyie kazi nakala, siyo picha yenyewe.