Mwamba hupasuliwa, jiwe huvunjwa, kokoto hupondwa

Swali la wiki lilikuwa hili: kuvunja, kupasua, kuchana na kubomoa ni visawe? Kama ni visawe, mbona sikio linakataa "kuvunja karatasi"?

Sikio liko sahihi. Maneno hayo yana jambo moja tu la pamoja: kitu kilikuwa kizima, sasa si kizima. Zaidi ya hapo, Kiswahili kinataka kujua kitu chenyewe ni cha aina gani, nguvu imepita upande upi, na kimebaki nini. Anayejibu maswali hayo matatu hahitaji kukariri orodha ya visawe.

Mfano mzuri uko kwenye machimbo ya mawe ya hapa Dodoma. Jiwe lile lile la granaiti hubadilisha kitenzi kila linapopungua ukubwa. Kwanza mwamba hupasuliwa: moto wa kuni huwashwa juu yake, uso unatanuka kwa joto kuliko sehemu ya chini, unaachia kama bamba, kisha mtalimbo unaingizwa kwenye ufa na kukandamizwa. Bamba likishatoka, huvunjwa kwa nyundo kubwa liwe mawe ya msingi. Mawe madogo nayo hupondwa, au kugongwa kama wengine wanavyosema, hadi zipatikane kokoto za robo tatu ya inchi. Kupasua hufuata ufa, kuvunja hutoa vipande, kuponda hurudia pigo mpaka kipande chenyewe kikose umbo. Wapo wengi wanaosema "kupasua kokoto" na wanaeleweka bila shida, ila macho yao bado yako kwenye jiwe.

Kwenye mti, kinachoamua ni nyuzi. Shoka likishuka kufuata nyuzi, kuni zinachanjwa au zinapasuliwa. Tawi kavu likikunjwa kwa goti, linavunjwa. Msumeno ukipita kukingama nyuzi, gogo linakatwa. Kiwandani gogo likigawanywa kwa urefu, mbao zinachanwa, na hapo mtu aliyezoea kuchana nguo tu hushangaa. Hakuna ajabu: kuchana ni kutenganisha kwa mstari mrefu, iwe kitambaa, ukindu, karatasi au mninga. Kurarua hakuna mstari. Fisi hachani mbuzi, anamrarua.

Chakula kina msamiati mwingi kuliko vyote, na huku kwetu ndiko unakotumika kila siku ya mavuno. Hindi hukonyolewa kwenye bua, kisha punje hupukuchuliwa kwenye gunzi. Mtama na uwele hupurwa. Nafaka hukobolewa kuondoa kumbi, hupaazwa ukitaka chengachenga, husagwa ukitaka unga. Buyu huvunjwa, kwa kuwa ganda lake ni gumu na hutoka vipande. Ugali humegwa, ukiona mtu anaandika "alivunja tonge", huyo ugali wake ulilala. Karanga kavu hubanguliwa, na wengine husema kumenya.

Kwenye karanga nitakaa kidogo, maana hapo kitenzi kinagusa mfuko. Kubangua kunakusudia ganda peke yake. Karanga za mbegu hubanguliwa kwa mkono: bonyeza mdomo wa ganda kwa dole gumba, lifunguke kwenye mshono wake, punje itoke na ngozi yake nyekundu. Mashine isiyorekebishwa nafasi yake, au iliyolishwa maganda makubwa na madogo kwa pamoja, huenda zaidi ya kubangua, ikapasua na punje. Punje iliyopasuka mapande mawili haioti, na iliyochubuka ngozi huoza upesi ardhini. Wapo wanaonyunyizia maganda maji ili yalegee. Kazi inarahisika kweli, lakini unyevu huo ndio unaokaribisha ukungu wenye sumukuvu. Kwa hiyo mkulima akilalamika kwamba "karanga zimepasuka", muulize: maganda au punje? La kwanza ni kazi iliyofanyika, la pili ni hasara.

Sarufi nayo ina mtego wake. Vitenzi vingi vya kundi hili vinaishia na -ua au -oa, na hali yake ni -uka au -oka: pasua, pasuka, rarua, raruka, bomoa, bomoka, megua, meguka. Vunja, kata na chana huchukua -ika: vunjika, katika, chanika. Hali hii haitaki mtendaji. "Kikombe kimevunjika na mtoto" si Kiswahili. Ama kimevunjika, ama kimevunjwa na mtoto. Ndiyo maana jikoni vyombo huvunjika tu, havivunjwi na mtu.

Kundi hilo pia lina jamaa aliyesahaulika: tatua. Maana yake ya zamani ni kurarua, na nguo iliyotatuka ni nguo iliyochanika. Leo tunatatua matatizo bila kukumbuka kwamba kuna kitu kinachanwa.

Kubomoa ni kwa kilichojengwa: ukuta, daraja, tembe. Mvua ikizidi, tembe hubomoka. Lakini angalia kwenye nyumba, kwa sababu "kuvunja nyumba" kuna maana mbili. Mtaani wanaweza kumaanisha kubomoa, ila polisi wakisema duka limevunjwa, kuta zote zinaweza kuwa zimesimama: mwizi ameingia.

Maneno haya yakitoka kwenye vitu na kuingia kwenye mambo, tofauti zake huenda nazo. Bunge huvunjwa, haliwezi kupasuliwa, na ibara ya 90 ya Katiba inatumia neno hilo hilo. Kuliahirisha ni jambo jingine. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa mwaka 2017, kwa maana kwamba haikubaki. Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na Kondoa ikabaki, kama sahani ya ugali iliyopungua tonge. Mwandishi wa habari akiandika kwamba Kondoa "ilivunjwa", ameifuta wilaya nzima kwa kitenzi kimoja. Mtu naye huvunjiwa heshima, kwa -ia ya kutendea: vunja, vunjia, vunjiwa. Ukisema "amemvunja heshima" umeacha mtu akining'inia kwenye sentensi.

Mwisho, la manufaa kwa anayempigia fundi simu. "Bomba limepasuka" ni ufa unaofuata urefu wa bomba: fundi atakata kipande kibovu na kuweka kipya, hivyo atahitaji viungio viwili. "Limekatika" ni ncha mbili zilizoachana, na zikifikiana kiungio kimoja kinaweza kutosha. "Limechomoka" ni kwamba bomba ni zima, limetoka tu kwenye kiungio, na huenda hakuna cha kununua zaidi ya gundi. "Limevunjika" halimwambii lolote kati ya hayo, na atakuja kwanza mikono mitupu kuangalia.