Geuka, zunguka au pinda?

SWALI: Msomaji wa Langoni, Lamu, huwaongoza wazee wanaovaa miwani ya mandhari pepe, yaani ile inayomwonyesha mtu mahali palipoundwa na kompyuta, na kutembea ndani ya mfano wa nyumba ya mawe. Alimwambia mama mmoja "zunguka", akitaka aone zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizokuwa nyuma yake, naye akaanza kukizunguka kiti cha enzi kilichokuwa katikati ya chumba. Anauliza neno sahihi ni lipi, na iwapo chumba hicho cha kompyuta kiitwe cha "pande tatu" (3D).

JIBU: Mama huyo hakukosea. Gurudumu huzunguka papo hapo lilipo, ilhali mlinzi huizunguka nyumba kwa miguu yake, na mtu mwenye miguu akiambiwa azunguke hutafuta kwanza kitu cha kukizunguka. Katika mandhari pepe utata huo una uzito kuliko mtaani, kwa sababu miwani ya aina hiyo hufuata miendo sita: mitatu ya kuhama mahali, yaani mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini; na mitatu ya kugeuka, yaani kuelekeza uso kando, kuuinua au kuuinamisha, na kukilaza kichwa begani. (Huo wa mwisho, chombo kikiufanya baharini, husemwa kinakwenda mrama.) Kwa hiyo "geuka" libaki kwa anayebadili mwelekeo bila kuondoka alipo. Nami ningeongeza "kwa mwili wako", kwa kuwa mwanagenzi anayegeuzwa kwa rimoti huku amesimama tuli huona kwa macho mwendo ambao sikio lake la ndani halikuuhisi, na hapo ndipo kichefuchefu huanza.

"Pinda" linafaa kwa aliye njiani: mtu hufuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, kisha hupinda kulia. Aliyesimama akiambiwa apinde, si ajabu akapinda mgongo. "Rudi nyuma" nalo lina mtego wake, kwani wengi hugeuka kwanza ndipo warudi; ukitaka asiondoe macho kwenye zidaka huku akijitenga nazo, mwambie aende kinyumenyume.

Kuhusu "pande tatu", matumizi hayo yameenea na siyakatai, ingawa pembetatu iliyochorwa karatasini nayo ina pande tatu. Mimi hupendelea "vipimo vitatu", yaani urefu, upana na kimo. Mwanagenzi, hata hivyo, hahitaji lolote kati ya hayo ili avuke mlango.

Linalomfaa zaidi ni kiambishi kidogo ambacho msomaji wetu hakukiuliza. Ukimwuliza mama aliyevaa miwani "uko wapi?", atakujibu kwa haki kabisa kwamba yuko hapo sebuleni kwako, kwa kuwa mwili wake haujaondoka. Muulize "umo wapi?", kwani -mo humtaka ataje kilichomzunguka ndani. Afadhali zaidi, mtajie vyumba kwa majina aliyokua nayo: daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua), msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili zinazofuatana), ndani (chumba cha ndani kabisa). Anayeambiwa "toka msana wa tini, ingia msana wa yuu" haulizi kulia ni kwa nani, kwake au kwako unayemtazama usoni, na akipotea ataweza kukuambia mwenyewe yumo chumba kipi.