Jibu: Kwa nini idadi ya watu wa kijiji chetu cha Lushoto ilishuka kati ya sensa ya 2002 na ya 2012?

Salaam, ndugu. Umeuliza inakuwaje nyumba za kijiji chenu milimani Usambara ziongezeke ilhali sensa ya 2012 inaonyesha watu wachache kuliko ile ya 2002.

Anza na mipaka, kabla hujafikiria kuhama wala vifo. Nilipokusanya historia ya kijiji chetu, upungufu ulionitia huzuni ulitokana na vitongoji viwili kumegwa na kuwa kijiji kipya chenye jina lake. Nilipojumlisha vijiji vyote viwili, watu walikuwa wameongezeka. Mihtasari ya mikutano mikuu ya kijiji ndiyo iliyonionyesha mwaka wa mgawanyo.

Kisha kumbuka kwamba sensa zetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, kwa hiyo kijana aliyejenga kwao lakini anafanya kazi Tanga au Dar es Salaam huhesabiwa huko, na nyumba yake hubaki tupu.

Ukirudi nyuma hadi 1967, linganisha kwa uangalifu zaidi, maana Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipanga upya makazi mengi nchini kabla ya sensa ya 1978. Waulize wazee kitongoji kwa kitongoji.