Kabla ya kulinganisha ndege chozi na chura wa mti: kwa mnaoanza kazi kwenye milima ya Rungwe na Udzungwa

Ninyi mnaokuja kwa mara ya kwanza kusoma wanyama wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huenda mkaombwa kulinganisha sauti ya chozi wa milimani, yule ndege mdogo anyonyaye maua, na ya chura wa mti. Wote ni wadogo, wote huishi kwenye ubaridi na ukungu, na kwa wote dume ndiye anayesikika zaidi. Naomba msilichukue swali hilo kwa wepesi, kwa sababu sauti hizo hazina asili moja.

Chozi yumo katika kundi la ndege wanaojifunza kuimba: kinda husikiliza wakubwa, hujaribu, hujirekebisha. Wimbo wa Udzungwa ukitofautiana na wa Rungwe, sehemu ya tofauti hiyo huenda ni mafunzo wala si damu. Chura hafundishwi, mlio wake amezaliwa nao. Lakini mwili wake hufuata joto la mahali alipo, hivyo usiku wa baridi hulia polepole na usiku wa joto huharakisha.

Msimu wangu wa kwanza nilirekodi vyura kandokando ya msitu wa Rungwe, usiku ambao vidole vilikufa ganzi, kisha nikarekodi wengine chini, kwenye dimbwi lililo pembeni ya migomba, usiku wenye fukuto. Nikaandika kwa furaha kwamba ni aina mbili. Sikuwa nimepima joto hata mara moja, na kazi ya miezi miwili haikunifaa kitu. Siku hizi kipimajoto hukining'iniza kwenye tawi lilelile la chura, nikakisoma koo lake likiwa bado linavimba na kunywea mbele ya tochi, ndipo nifunge rekoda.

Lipo pia pengo kavu la Makambako, linaloitenga Udzungwa na safu za Kipengere na Rungwe. Chura, ambaye ngozi yake hupoteza maji upesi, hawezi kulivuka kirahisi. Msidhani kwamba chozi analivuka kwa kuwa ana mabawa, maana ndege wengi wa misitu ya milimani hawatoki kivulini. Sisi tunalivuka kwa basi, na matope ya viatu vyetu yanalivuka pamoja nasi, pengine yakiwa na kuvu ya ngozi inayoua vyura, ile iliyoonekana bonde la Kihansi, huko Udzungwa, mwaka 2003. Viosheni kwa dawa, vikausheni kabisa, kabla ya kupanda mlima mwingine.