Woga wa kumite ulivyonitoka

Mmetuuliza wiki hii: ni woga gani ulikushika ukubwani, na uliuondoaje? Mimi ni mama wa watoto, najifunza karate hapa Mombasa, na woga wangu ulikuwa kumite, yaani kusimama uso kwa uso na mwenzako mkarushiana ngumi na mateke. Kata, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa unaoufanya peke yako, nilizipenda tangu mwanzo. Ikitajwa kumite tu, tumbo linanikata.

Wengi hudhani mwanamke huogopa maumivu. Mtu aliyepita leba atishwe na mkono kuvilia damu? Kilichonishinda ni kumpiga mtu. Huku kwetu Pwani mtoto wa kike hulelewa asimnyanyulie mtu mkono, na malezi hayo hayabaki nje ya mlango wa ukumbi. Tena kuna macho ya watu. Shangazi yangu wa Kibokoni aliniuliza, “Mwanangu, huyo mwanamume anayekurushia ngumi ni nani yako?” Sikuwa na jibu, na lile swali nilikwenda nalo mazoezini.

Hakuna aliyeniambia “jikaze” likanifaa. Kilichonifaa ni kupanda ngazi kwa utaratibu. Tulianza na gohon kumite: mwenzako anataja mahali atakapopiga, anasonga mbele hatua tano kwa shambulio lilelile, wewe unarudi nyuma ukizuia, na la tano unalijibu. Hakuna la kubahatisha. Baadaye hatua zikawa tatu, kisha moja, na kumite huru, isiyopangwa kabla, ikaja mwisho kabisa. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate kisiwani Okinawa, Japani, akaionyesha Tokyo mwaka 1922, mafunzo yake yalisimama juu ya kata, kwa hiyo mwalimu anayemtupa mgeni kwenye kumite huru siku za mwanzo asituambie hiyo ndiyo asili.

Shida yangu kubwa ilikuwa macho: nayafumba kabla ngumi haijafika. Sensei, yaani mwalimu wetu, akanisimamisha na dada mmoja wa mkanda wa kahawia, ule unaotangulia mweusi. Akawa ananirushia ngumi polepole, inakoma karibu na pua, na mimi sizuii wala sisogei. Kazi yangu ni kutoa pumzi na kutazama. Mara za kwanza machozi yalinilenga. Halafu nikaanza kuona kitu ambacho sikuwahi kukiona: bega lake hutangulia kabla ya mkono. Basi, nikawa napata habari mapema. Toka hapo nikajifunza umbali, nikijua mkono wake unaishia wapi na wangu unaanzia wapi, na woga ukapungua kwa sababu sasa nilikuwa na la kufanya.

Jambo jingine nalisema kwa uchungu. Baadhi ya kaka zetu wakipangwa nasi hurusha ngumi zinazokomea hewani, hata ukisimama kama nguzo hazikufikii. Wao wanaona ni heshima. Mimi naona wanatunyima mafunzo, maana unazuia kitu ambacho hakikuwa kinakuja, ukienda kukutana na ngumi ya kweli huijui. Wako na wa upande wa pili, wanaotaka kuonyesha nguvu kwa mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza. Hao sensei awatoe mara moja. Siku hizi kabla hatujainamiana namwambia mwenzangu waziwazi: “Lenga usoni, ila zuia mkono wako usinigonge.” Naye kijana mmoja akanijibu, “Basi na wewe dada nigonge hapa kifuani. Ukinipunguzia sitajifunza.” Nilimpiga. Akatikisa kichwa kwamba sawa, tukaendelea.

Kwa wale wanaoulizia mavazi: mimi navaa hijabu iliyobana vizuri, bila pini, na Shirikisho la Karate Duniani linairuhusu hata mashindanoni. Na kama kuna binti anaambiwa kumite si ya wanawake, amtazame Feryal Abdelaziz wa Misri. Dhahabu yake ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, ilitokana na kumite, na hakuna mwanamke wa Misri aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki kabla yake.

Walimu wa Mombasa nawaomba jambo moja. Wekeni ukumbini kinga za kifua za wanawake na glavu za kuazima. Kinga ya meno kila mtu anunue yake. Msichana anayekuja kutoka Kisauni akiwa na nauli ya matatu tu mkononi hawezi kununua vyote kabla hajajua kama karate itamkaa.