Re: Shule ndogo ya kata, tuanze na mchezo gani?
Mwalimu, umeuliza shule yenu ya kata huko Newala, watoto wachache na uwanja mchanga mtupu, muanze na mchezo gani kabla ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Riadha aisee, mpira unataka kikosi kizima ila mbio hata mtoto mmoja mwenye pumzi anaweza kupenya wilaya mpaka mkoani. Halafu kazanieni mbio za vijiti za 4x100, wanne wanapokezana kijiti kila mmoja mita 100, hapo ndo timu nyingi zinapoteza, kata kijiti cha mti sentimita 30, mwaga majivu kuonyesha zile mita 30 za kupokezana, anayepokea aondoke kabla mwenzie hajamfikia, mkono nyuma bila kugeuka. Mazoezi alfajiri, mchanga ukishapata moto unaunguza nyayo za wasio na raba. Na mabinti nao wakimbie jamani, msiwatume maji muda wa mazoezi!