Miungu ya Misri iliacha kuabudiwa lini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye kikundi chetu cha kusoma tumebishana hadi usiku. Wenzangu wanasema miungu ya Misri ya kale, kina Isis na Osiris, ilikwisha siku Kleopatra alipokufa na Warumi wakaitwaa nchi. Mimi nasema dini haifi na mtawala. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Uko sahihi wewe, tena kwa mbali. Kleopatra alifariki mwaka 30 KK, na Isis akaendelea kuabudiwa kwa zaidi ya miaka 500. Walioing'ang'ania ibada yake hadi mwisho walikuwa watu wa kusini: Wanubia, na Wablemye wa jangwa la mashariki. Jambo hili vitabu vingi hulipita haraka, na mimi huniuma.

Hekalu la Isis lilikuwa kisiwani Philae, karibu na Aswan, kwenye maporomoko ya kwanza ya Nile. Kisiwa cha jirani, Biga, kiliaminika kuwa na kaburi la Osiris, mume wa Isis. Kila baada ya siku kumi sanamu ya Isis ilivushwa kwa mashua, na makuhani wakammiminia marehemu maziwa. Mahujaji walichora nyayo zao kwenye mawe ya hekalu, wengine wakaandika na majina, ili wabaki mbele ya mungu wao hata baada ya kurudi makwao.

Kaisari Theodosius alipiga marufuku kafara na ibada za mahekaluni mwaka 391 na 392. Philae haikuguswa. Ilikuwa mpakani, na Roma ilihitaji amani na watu wa kusini. Ndiyo maana tarehe 24 Agosti 394 kuhani Nesmeterakhem aliweza kuchonga maneno kwenye Lango la Hadrian, pembeni ya picha ya Mandulis, mungu wa Wanubia. Hayo ndiyo maandishi ya mwisho ya hiroglifi, yaani maandishi ya picha ya Misri ya kale, yenye tarehe tunayoijua. Nimeyatazama kwa karibu: mistari haijanyooka, picha imechongwa kwa mkono mzito, si kazi ya mafundi wa enzi za farao Ramses. Lakini kuhani ameandika kwamba ni ya milele. Maandishi yaliyotumika kwa zaidi ya miaka 3,000, na mkono wa mwisho tunaoujua ukamwandikia mungu wa Nubia!

Kuna habari nyingine ninayoipenda zaidi. Miaka ya 450 jemadari wa Kirumi, Maximinus, aliwashinda Wanubia na Wablemye vitani. Mwanahistoria Priscus, aliyefuatana naye, ametuachia masharti ya mkataba. Walioshindwa warudishe mateka na mifugo, walipe fidia, watoe watoto wa wakubwa wao wawe rehani. Wakakubali yote hayo. Ila nao wakapewa haki yao ya zamani: wavuke kwenda kwa Isis bila kuzuiwa, na kwa wakati maalumu waichukue sanamu yake hadi kwao, kisha wairudishe. Mkataba ukawekwa hekaluni humo humo. Watu waliokubali kutoa watoto wao hawakukubali kumwacha Isis. Waulize wenzako kama hiyo ni dini iliyokufa na Kleopatra.

Mwisho ulikuja miaka ya 530. Kaisari Justinian alimtuma jemadari Narses. Makuhani wakafungwa, sanamu zikapelekwa Constantinople, mji mkuu wa Kaisari. Ukumbi wa Isis ukafanywa kanisa la Mtakatifu Stefano, na misalaba iliyochongwa kutani wakati huo bado inaonekana.

Ukijaliwa kufika Aswan, ujue hekalu halipo tena kisiwani pake. Maji ya mabwawa yalilizamisha, kwa hiyo kati ya 1972 na 1980 lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kisiwa cha jirani, Agilkia. Mwombe anayekutembeza akupeleke Lango la Hadrian, maana wageni wengi hupitiliza.